Weusi Uliompanda Mama Usoni

Nikikata ndimu tu, harufu yake inanirudisha mtaani kwetu Nyakasanza, asubuhi ya Jumapili, mama akijisugua mashavu mpaka machozi yanamtoka. Weusi kama masizi ulikuwa umempanda usoni, na ndimu haikuuondoa.

Shangazi alishatuambia nyumbani: ni mimba inamuchora sura. Lakini mimba za kabla zilikuwa zimetoka, na mama hakutaka hii itajwe nje kabla haijakaa vizuri.

Kanisani, kiongozi wa kwaya alimsimamisha mbele ya wenzake.

“Mama, weye unajichubuaka? Ona vile mafuta iliunguza sura yako! Utaimba kule nyuma, usituletee haya mbele ya watu.”

Nilifungua kinywa niseme. Mama akanibana mkono kwa nguvu.

“Aksanti, mama,” akajibu, akaenda mstari wa nyuma. Nilimfuata nikiangalia chini, masikio yakiniwaka moto.

Leo jirani amenikazia macho mashavuni.

“Dada, ni mafuta gani iliunguza sura yako hivi?”

Nimeinamisha kichwa, nikalegeza kitenge tumboni.

“Ni ile ya sokoni,” nikamwambia, kisha nikaingia jikoni kukata ndimu.