Fizi zilitoka damu Ramadhani, nikaacha mswaki. Kosa hilo limenigharimu kazi

Wakuu, assalaam aleikum, na habari za mchana kwa wengine wote.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Sitii chumvi, hata nguvu ya kutia sina.

Miaka ya tisini katikati nilikuwa Garissa nikifundisha dugsi, yaani chuo cha Kurani cha watoto. Wazazi wangu walikuwa wafugaji upande wa Eldas, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kuitwa maalim. Matamshi yangu ndiyo yaliyonipa kazi. Elimu nyingine sikuwa nayo.

Ramadhani moja, jua kali ajabu, napiga mswaki wa mti adhuhuri naona damu kwenye nyuzi zake. Kesho yake tena.

Nikaogopa. Mswaki kwa mfungaji hauna shida, hilo nalijua, lakini kumeza damu ni habari nyingine. Nikajiambia heri niuweke kando mpaka Idd.

Mzee Abdi, jirani yangu muuza ngozi, akaniunga mkono kwa lafudhi yake nzito.

"Maalim, hii damu ni ya joto tu. Wacha mswaki, itabona yenyewe."

Kufuturu ni tende na chai ya maziwa, sukari mpaka kijiko kinasimama. Nikitoka tarawehe hoi, nalala hivyo hivyo.

Mdomo ukaanza kunuka. Sasa mwezi ule harufu ya mfungaji haisemwi vibaya, ina heshima yake. Nani angenitajia? Idd ikapita, harufu ikabaki. Watoto wakawa wananisomea wamegeuza shavu pembeni. Mimi nikadhani ni adabu!

Niliporudia mswaki damu ikatoka tena, nikaona huo mswaki ndio unaoniumiza. Nikaacha zaidi ya mwaka. Na wala sikusikia maumivu, hilo ndilo linalonichosha hadi leo. Fizi zilivimba zikawa nyekundu, kisha zikarudi nyuma, meno yakaonekana marefu.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma kwa dentist, meno mawili ya mbele juu yalipoanza kucheza. Daktari yule, mtu wa kutoka Embu, akayatikisa kwa kidole.

"Mwalimu, meno haya hayana hata tundu moja. Kilichooza ni kinachoyashika."

Nikamweleza habari ya damu.

"Damu ilipotoka ndipo ulipaswa kusafisha zaidi. Wewe ukaacha."

Akayang'oa yote mawili, yaliyobaki akayakwangua ukoga uliokuwa mgumu kama chokaa.

Nikarudi darasani. Herufi za dhal na tha hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu. Mimi sina. Hewa inapita tu, inapiga mluzi. Nikajidanganya kwamba watoto hawasikii.

Mpaka siku Hodan, binti wa miaka tisa, hodari kuliko wote, meno yake kamili, aliposoma Fatiha. Alipofika kwenye "alladhina" akapiga mluzi. Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kwa uangalifu, sawasawa na nilivyomfundisha. Darasa zima likamfuata hivyo hivyo.

Wiki ile nilikabidhi darasa kwa mwalimu mwingine. Nililia, sioni haya kusema. Tangu hapo nauza vitambaa sokoni.

Sasa nisikilizeni, hii ni serious. Fizi nzima haitoki damu. Ikitoka, usiache kupiga mswaki, piga taratibu pale jino linapokutana na fizi, asubuhi na kabla ya kulala. Halafu nenda ukakwanguliwe ukoga, maana ukishakuwa mgumu mswaki hauutoi. Ukiwahi, fizi hurudi sawa. Ukichelewa ndiyo kama mimi.

Mwenye swali au yaliyomkuta aweke hapa chini, nitasoma yote. Na wewe unayetema mate mekundu kila asubuhi ukisema unangoja meno yaume ndipo uende kwa daktari: hayaumi.