Miwani Iliyofaulu Kuanguka

Shangazi hakununua kitu bila kukiangusha kwanza. Sufuria, tochi, viatu, saa ya mezani, chochote alichokikusudia alikiinua mpaka usawa wa kifua, akakiachia, kisha akasikiliza kinavyolia kikitua sakafuni. Kikisalimika, alilipa na kukichukua. Kikivunjika, alilipa vilevile, maana hakuwa mtu wa kudhulumu, lakini alikiacha hapohapo. Wenye maduka walimjua. Akitokea tu mlangoni, muuza vyombo alianza kurudisha vikombe vyake nyuma ya kabati, taratibu, kama mtu anayeondoa watoto barabarani. Na mumewe alipoulizwa ilikuwaje akachaguliwa yeye kati ya wachumba watatu, alijibu bila kutabasamu: "Siku ya posa niliteleza kwenye ngazi za kwao. Nikainuka mwenyewe."

Alikuwa dereva wa kampuni ya ulinzi, mwanamke pekee katika kikosi cha dharura, kile kinachokimbilia mahali kengele ya wezi inapolia. Siku zake za mapumziko alikwenda bwawani nje ya mji kuvua samaki kwa mshipi. Barabarani jua lilimpiga usoni, bwawani lilimpiga kutoka juu na kutoka chini. Kwa hiyo alikuwa na njaa ya miwani isiyokwisha. Moja aliikalia. Nyingine ilimdondoka majini alipoinama kumtoa samaki kwenye ndoano, na aliapa kwamba yule samaki aliondoka nayo. Ya tatu ilikatika mkono siku alipogeuka ghafla kumjibu mtu aliyemwambia wanawake hawajui kurudi nyuma na gari.

Mwaka huo kampuni ilileta gari jipya, moja tu, jeusi, lenye skrini karibu na usukani. Kengele ikilia popote mjini, anwani na ramani hujitokeza hapo zenyewe. Kwa miaka kumi na miwili Shangazi alikuwa akiendesha pikapu ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba, na gari jipya lilimwingia moyoni kama ugonjwa. Alilizunguka kila asubuhi. Alilipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Lakini lilitamaniwa pia na dereva mwingine, jamaa mwenye majigambo, aliyepewa jina la Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga. Mkuu wa kikosi, ambaye wote walimwita Afande, akakata shauri: Jumatatu wote wawili watajaribiwa, na atakayefika kwenye kengele kwa dakika chache zaidi atakabidhiwa ufunguo. Sharti lilikuwa lilelile la kila siku. Dereva wa dharura avae miwani, wala asiivue gari likiwa kwenye mwendo, maana kokoto iliwahi kupasua kioo cha mbele na kumuumiza mtu.

Ndiyo sababu Jumamosi Shangazi aliingia kwenye duka la miwani akiwa na mtoto wa kaka yake, msichana aliyekuwa likizo ya chuo na aliyepewa kazi ya muda ya kuchapa ripoti katika ofisi ya kampuni hiyohiyo. Shangazi alimwita Kimya tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema.

"Nataka miwani," Shangazi alimwambia muuzaji. "Ya kuvulia samaki, ya kuendeshea gari, na ya purukushani."

"Purukushani ya namna gani, mama?"

"Ya kukimbiza mwizi. Vumbi, kokoto, na labda mwizi mwenyewe akupige kichwa."

"Basi hizo ni miwani tatu."

"Mimi nina pua moja."

Muuzaji akaleta ya kwanza, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Shangazi akaiangusha. Kioo kimoja kilichomoka, kikabingirika mpaka chini ya kabati. Ya pili ikapoteza skrubu, na muuzaji akapiga magoti kuitafuta huku akinung'unika mambo ambayo Kimya alijifanya hakuyasikia. Kisha, kwa uso wa mtu anayetaka yaishe, akatoa kwenye droo ya mwisho miwani nene nyeusi, iliyokunjika kufuata kichwa mpaka karibu na masikio, yenye kamba ya kuvalia shingoni.

Shangazi akaiachia. Ikadunda mara mbili, ikatulia. Akapanda kwenye kigoda, akaiachia tena. Akaiweka juu ya kiti, akaikalia, akakunja mikono na kumuuliza Kimya habari za mitihani. Kimya akajibu kwa kirefu, maana alijua ndicho kinachotakiwa. Shangazi alipoinuka, miwani ilikuwa imelala bapa. Ikajikunjua polepole, ikarudi umbo lake kama mtu anayeamka usingizini.

"Hata mimi sikujua," alisema muuzaji kwa sauti ndogo.

Heshima ikamwingia juu ya mali yake mwenyewe. Akachomoa kadi yenye picha ya maji matupu, akamwonyesha Shangazi bila miwani, kisha akamvalisha. Ndani ya yale maji akatokea samaki mnene, anatazama.

"Vioo hivi vinakata mng'ao," alisema. "Maji hayakuchomi macho tena, unaona mpaka chini. Ila kuna jambo moja, mama, ukikutana na zile skri—"

"Nimeshaikalia," alisema Shangazi. "Hakuna jambo."

Jumapili walikwenda bwawani, na kweli maji yalifunguka. Shangazi aliwaona samaki wakipita chini ya miguu yake kana kwamba anachungulia sebule ya jirani. Akawapa majina ya wafanyakazi wenzake. "Yule anayezunguka bila sababu, huyo Afande," alisema. "Na huyu anayekuja kasi bila kutazama, Breki huyu, Breki mtupu." Hakupata hata mmoja, kwa sababu kila samaki aliyekaribia chambo alimshangilia mpaka akakimbia. Walirudi nyumbani na ndoo tupu wakiyumba kwa kicheko, na mumewe akauliza kama bwawani siku hizi wanauza kitu.

Jumatatu saa saba mchana, jua la utosi, Breki akatangulia. Akatumia dakika kumi na moja, akashuka akipunga mkono kama bwana harusi. Kisha Shangazi akapanda. Afande alikaa kando yake na saa mkononi. Nyuma alikaa Kimya na daftari la kuandikia muda, chini ya amri moja: neno lolote la kumsaidia dereva, jaribio limekwisha.

Kengele ikalia. Skrini ikawaka, na Kimya akaiona vizuri kabisa kutoka nyuma, na ramani yake na mshale wa buluu. Gari halikuondoka.

"Dereva," alisema Afande, "tunasubiri nini?"

"Namsikiliza mwizi," alisema Shangazi, akatia gia.

Walipofika njia panda ya kwanza mshale ulielekeza kulia. Shangazi akaenda kushoto. Kimya alimwona shangazi yake akikodolea skrini, akisogeza uso, akirudisha, na ndipo akaelewa: haoni. Mbele ya macho yake ile skrini ilikuwa giza tupu. Miaka kumi na miwili ya usukani, na macho yamechagua leo kuharibika. Akauma kalamu asije akasema neno.

Dakika mbili zikapotea. Shangazi akakata kona kali kuukwepa mkokoteni wa maji, gari likainama, naye akainama nalo, kichwa kikaangukia bega la kushoto. Hapo akaguna. Akanyoosha shingo. Akalaza kichwa tena begani, taratibu, kama anayejaribu mto dukani. Akakinyoosha. Akakilaza. Kisha akakiacha hapohapo begani na kukanyaga mafuta.

Kimya hakuwahi kuona mtu akiendesha hivyo. Kichwa kimelala, mikono imetulia, gari linapita vichochoro kama uzi kwenye sindano. Walirudi njia panda, wakapita nyuma ya soko, wakakatiza uwanja wa karakana, kuku wakiruka huku na huku, Afande ameshika dashibodi kwa mkono mmoja na saa kwa mwingine. Wakasimama mbele ya lango lenye kengele, tairi zikanusa ukingo wa barabara.

"Dakika tisa na nusu," alisema Afande. Akamgeukia. "Dereva, shingo ina nini?"

"Haina kitu, Afande. Nasikiliza tairi. Ukilaza sikio upande wa barabara, tairi inakuambia kona imebanaje."

Kimya akaandika dakika tisa na nusu, huku amekikalia kicheko kama ile miwani.

Afande akaitikia kwa kichwa, kwa uzito wa mtu aliyefunuliwa siri ya kazi. Ufunguo alimkabidhi Shangazi palepale, mbele ya lango. Wiki iliyofuata akatangaza zoezi jipya, na madereva wote wa kikosi wakapita mjini wamelaza vichwa begani, wamekunja nyuso, wanasikiliza. Breki alijitahidi kuliko wote. Alipata shingo ngumu ya siku nne, na akawaambia watu kwamba tairi za nyuma zina maneno mengi kuliko za mbele.

Lakini jioni ya ile Jumatatu Shangazi hakuwa na raha. Aliweka ufunguo mezani, akamwambia mumewe na Kimya kwamba kesho ataurudisha. "Macho yameniharibikia," alisema. "Yanaona nikilaza kichwa tu. Dereva gani huyo?" Hakulia, ila alikaa na miwani mkononi akiifungua na kuifunga. Kimya akaichukua ampumzishe, akaivaa kwa mchezo, akatazama simu yake. Simu ikazimika. Akaizungusha ubavu, ikawaka. Akaizungusha tena, ikazimika: kumbe ni vioo, si macho. Akamvalisha Shangazi miwani, akamshikia simu mbele ya uso na kuizungusha kama usukani.

Walicheka mpaka mumewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuwatazama. Wakamvalisha na yeye. Alitazama kikokotoo, saa ya ukutani, na dashibodi ya pikipiki ya jirani, akirudi kila mara na taarifa.

"Tumwambie Afande?" aliuliza Kimya.

"Tumwambie nini, na ameshaamini kwamba tairi zinasema?"

"Basi ununue nyingine."

"Hii imefaulu," alisema Shangazi. "Nyingine nitaikalia kiti gani tena?"

Aliliendesha lile gari miaka kumi na minne, kichwa begani. Hata akiwa hana miwani usoni, ukimpa gazeti au barua aliinamisha kichwa kwanza ndipo asome, na picha zote za kazini zimemwonyesha hivyo, amesimama na wenzake kama anayemsikiliza mtu mfupi asiyeonekana.

Mwishoni Kimya alimkuta amelazwa hospitalini, katika wodi yenye madirisha makubwa, amevaa miwani ileile kwa sababu ya jua la asubuhi, fremu imechubuka lakini nzima. Kichwa kilikuwa kimeteleza pembeni ya mto, na ukutani televisheni ilikuwa inaonyesha mashindano ya magari. Alionekana amelala vibaya. Kimya akamwinamia, akaweka mkono chini ya shingo yake ili amweke sawa.

"Uache mto ulivyo, Kimya," alisema Shangazi, macho kwenye magari. "Ukininyoosha sioni kitu."