Ngazi ya Droo ya Santing

Santing alikuwa mlinzi wa supamaketi huko Mandaluyong, Ufilipino. Kazi yake ilikuwa kupekua mikoba ya watu mlangoni kwa kijiti, na kwa sababu hiyo alijiona mtu ambaye hakuna kinachompita. Maboksi ya kitanda yalipofika, aliikunja ile karatasi ya michoro ya kukiunga akaisokomeza chini ya feni iliyokuwa ikiyumba.

"Hata kuitazama hutaki?" mkewe Marivic akauliza.

"Mbao na skrubu, nitazame nini? Mimi mtoto?"

Na chumba chenyewe, jamani! Ukifungua mlango unagonga friji, ukifungua friji umeziba mlango. Humo waliishi wao wawili na kitoto chao kichanga, na sasa alikuwa anakuja mama yake Marivic, Bibi Puring, kutoka shamba, mkoa wa Nueva Ecija. Marivic alikuwa amepata kazi ya kushona kiwandani, aanze Jumatatu, na bibi ndiye angekaa na mjukuu. Bibi asipokaa, hakuna kazi. Basi wakanunua kitanda cha juu, kile ambacho ngazi yake ndiyo kabati: kila kipandio ni sanduku lenye droo. Wao walale juu, bibi alale chini, nguo ziingie kwenye ngazi. Dukani kilikuwa kimewekwa katika chumba kikubwa kama kanisa, na hapo ndipo watu wanapoponzwa.

Santing akaanza asubuhi. Pa kulaza mbao hapakuwepo, ikabidi alale chini, kiwiliwili chake kikae chumbani na miguu ikae jikoni, huku Marivic akiiruka na kikaango cha samaki mkononi.

"Sogeza miguu!"

"Niisogeze wapi, kwa jirani?"

Mtoto analia, mafuta yanaruka, Santing yuko kifua wazi, jasho linamtiririka, anakaza skrubu kwa kile kichuma kilichopinda huku akijisifu mwenyewe. Kufika mchana, masanduku sita yalikuwa yamesimama, kila moja limemzidi mwenzake kimo.

"Marivic! Njoo uone kazi ya mwanamume!"

Marivic akaja. Ngazi akaiona, mume hakumwona.

"Uko wapi?"

"Huku."

Alikuwa nyuma ya ngazi, kwenye kona, amejijengea humo mwenyewe, na droo zote zimemgeukia yeye. Marivic alicheka mpaka akakaa chini.

"Badala ya kucheka, nitoe!"

"Si uvute droo moja upite humo humo?"

Ikabidi ayafungue masanduku yote, aanze upya. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho Bibi Puring alipobisha hodi. Mwanamke mfupi, mkavu, ambaye siku ya harusi alisema kwa sauti kwamba tumbo la bwana harusi limetangulia kufika kanisani. Santing akainama, akauchukua mkono wa bibi na kuugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima. Bibi akaitikia kwa kichwa tu. Mfuko hakuuweka chini. Alikuwa anaitazama ngazi, kidole kinapanda taratibu.

"Oro," akasema. "Plata. Mata. Oro. Plata." Kidole kikasimama kwenye kipandio cha mwisho. "Mata."

Dhahabu, fedha, kifo. Marivic akajishika mdomo. Huko kwao hakuna fundi anayejenga ngazi bila kuihesabu hivyo, maana ngazi ikiishia kwenye kifo imemwita mtu. Santing mwenyewe aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini kabati! Nani huhesabu kabati?

"Mama, hili ni kabati."

"Unalipanda?"

"Nalipanda, lakini..."

"Basi ni ngazi. Mimi silali hapo. Basi la jioni lipo."

Santing akaona Jumatatu inaondoka na bibi. Akajaribu ujanja. "Godoro lenyewe ndilo la saba, Mama. Oro!"

"Godoro ndiko unakokwenda. Tangu lini mtu akahesabu anakokwenda?"

"Haya, tuanzie sakafuni."

"Ukiwa sakafuni umepanda nini?"

Hapo akachemka. "Mama, nimelala kwenye hii sakafu tangu asubuhi, mgongo umekwisha! Hizo ni imani za shamba. Na kwanza anayepanda si wewe, ni mimi!"

 Bibi akaukalia mfuko wake.

"Ndiyo. Unapanda wewe," akasema. "Mume wangu Isidro naye alinijibu hivyo hivyo. Tulikuwa tunajenga nyumba, nikaihesabu ngazi, nikamwambia, akanicheka mbele ya mafundi. Mwaka haukuisha, tukamzika. Huyu Marivic alikuwa hajatambaa. Watu wakasema ni moyo. Sawa, ni moyo. Lakini mimi siwezi kulala hapo chini kila usiku nakusikia unapanda, nahesabu."

 Miaka yote Santing alidhani mama huyu anaomba yeye apotee. Akaona aibu, akaokota kichuma chake, akalala tena sakafuni, akalifungua lile sanduku la chini kabisa na kulitoa.

"Haya, panda," bibi akamwambia.

Kipandio cha kwanza sasa kilimfika pajani. Santing akatupa mguu juu, suruali ikalia praa! nyuma.

"Oro!" bibi akahesabu. "Plata. Mata... usisimame hapo, pita, pita! Oro. Plata."

Santing akajirusha kitandani kifudifudi, kichwa kikagonga dari.

"Kichwa hakihesabiwi," bibi akasema.

Marivic, anacheka huku anafuta machozi, akaanza kugawa droo. Ya kwanza ya mtoto. Ya pili yake yeye. Kwenye ya tatu, ile ya mata, mkono ukasita. 

Bibi Puring akainuka, akafungua mfuko.

"Hiyo nipeni mimi."

"Mama, hapana, tutaiacha tu..."

"Nyie mna mtoto."

Akaivuta droo, akaanza kupanga magauni yake humo, moja moja, akiyanyoosha kwa kiganja. Alipomaliza akaifunga, na bila kuinua macho akasema:

"Na wewe huko juu, soksi zako weka kwenye dhahabu."