Mdahalo wa Maneno Yaliyokatwa

Ijumaa, mwezi wa nne. Mvua ilianza alfajiri ikaacha saa nne, na barabara ya Nyaishozi imekuwa tope tupu.

Leo binti yangu wa kidato cha pili alikuwa na mdahalo shuleni: kwamba Waingereza hukata maneno yao kwa uvivu. Yeye alipangiwa kupinga. Muhula uliopita alisimama mbele ya watu, sauti ikagoma, wakamcheka. Tangu hapo anaogopa midahalo. Kwa hiyo jana jioni, tukimenya ndizi, alijaribia hoja zake kwetu, mimi na mama yangu. Mimi niliishia darasa la saba, nikiandika vibaya kosa ni langu, si lake.

Alisema basi hili tunalopanda zamani liliitwa "omnibus", Kilatini cha "kwa ajili ya wote". Waliolizoea wakabakiza kipande cha mwisho tu.

Mama akadakia, "Yaani wametupa ng'ombe wakabaki na mkia?"

"Na friji, bibi, ilikuwa refrijereta. Hiyo wamekata kichwa na mkia, imebaki katikati."

"Wavivu! Hata kuchinja hawajui. Umeshindwa, mke mwenzangu."

Binti akainamia ndizi, kisu mkononi. Nikadhani ya muhula uliopita yamerudi. Kisha akauliza, "Bibi, asubuhi kisimani ukikutana na jirani, mnasalimianaje?"

"Mpaka ndama wake niwaulizie."

"Na mkikutana tena mchana?"

"Mchana? 'Eeh,' inatosha. Si tumeshasalimiana?"

"Sasa huo ni uvivu?"

Mama alicheka hadi ndizi ikamponyoka. Mimi nilikuwa upande wa mama, lazima niseme ukweli, ila hapo nikahama.

Leo binti amerudi na tope hadi magotini. Upande wake umeshindwa. Wenzao walikuwa na mifano mingi zaidi, na mwenyewe anasema walistahili. Lakini ameongea mpaka kengele ikagongwa, na habari ya kisimani imepigiwa makofi hata na upande wa pili. Sikuwapo, huenda kwa furaha ameyaongeza kidogo.

Mama hakumuuliza kitu. Alimtazama tu usoni.

"Eeh," akasema.

"Eeh, bibi." Wakacheka wote wawili.

Usiku tumekula ndizi kwa maharage. Samli ilikuwa kidogo, na mama ameitia yote kwenye sahani ya binti. Nimeona, nikaendelea kula.