Mixer yangu ilimpigisha mchungaji magoti dakika sita, mwenyewe yuko mlangoni anakumbatiwa

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini, na nyie mliojifungia chooni na simu pia.

Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe, na aliyekosea ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi mitambo wa kijichaneli cha mtandaoni hapa Tabora mjini. Harusi, mahafali, misiba, mikutano ya injili, vyote tunarusha live. Ukimtoa bosi mwenye chaneli, tupo wawili tu. Mimi nakaa kwenye mixer, nachagua picha gani iende hewani. Shija anazunguka na kamera. Kamera ya pili tunaifunga kwenye stendi, inaangalia watu wote.

Sasa, kwenye mixer kuna setting moja watu wengi hawaigusi. Inauliza hivi: kamera ikipoteza signal, nionyeshe nini? Unaweza kuweka giza, ile mistari ya rangi, picha yoyote uliyoihifadhi, au ibaki picha ya mwisho iliyoonekana.

Zamani nilikuwa naweka giza. Tukaenda kurusha harusi Ziba, giza likaingia sekunde kumi tu, baba mkubwa wa bwana harusi akanipigia simu: "Mmeizima harusi yetu kwa amri ya nani?"

Kuanzia siku hiyo nikaweka picha ya mwisho. Ikikatika, mtazamaji anaona watu wametulia, hajui kitu. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Basi tukaitwa Puge, wachungaji wapya wanabarikiwa. Mmoja wao, Elia, alinifuata mezani asubuhi kabla ya ibada. Mama yake alikuwa amelazwa Tabora mjini, kesho yake anaingia upasuaji.

"Kaka, mama yangu hataki kusimuliwa," akaniambia. "Anataka aone kwa macho yake. Anasema hajui kama atatoka huko ndani."

Nikamwambia ondoa shaka, hiyo ndiyo kazi yetu.

Meza yangu ilikuwa nje, chini ya turubai. Kile kidude kinachopokea picha za Shija bila waya nilikiweka dirishani. Sauti ilikuja kwa waya kutoka kwenye maiki ya mbele.

Elia akapiga magoti, akawekewa mikono kichwani, Shija akamvuta karibu. Picha safi! Nikaiacha hiyo hiyo hewani kwa ajili ya mama.

Maombi yakaenda. Amina ikaitikiwa. Kwaya ikaanza. Elia bado kapiga magoti.

Nikajisemea, huyu kweli kaitwa. Kwenye comments watu wanaandika "mchungaji ana upako huyu". Mimi natafuna karanga zangu.

Wimbo wa pili unakaribia kuisha ndipo nikatupia jicho kamera ya stendi. Kule hakuna mtu aliyepiga magoti. Elia yuko mlangoni anakumbatiwa na wajomba zake!

Kumbe akina mama wa kwaya walikuwa wamesimama wote pale dirishani wakipiga vigelegele, miili yao ikaziba signal. Mixer, kwa utii wake, ikashikilia picha ya mwisho. Dakika sita. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Ibada ikaisha, Shija akaja anacheka. "Ile ya mama yake imeenda, eti?"

"Ipi?"

"Si alipoinuka akanigeukia, akaongea na mama yake kwenye kamera!"

"Alisema nini?"

"Vigelegele vile, ningesikia wapi?"

Elia kule mlangoni akaniuliza kwa ishara, mama ameona? Nikamwonyesha dole gumba. Siku hiyo tukawa waongo wawili, mimi na mixer.

Bahati nzuri kamera ya Shija hurekodi kwenye kadi yake yenyewe. Nikahamishia kipande kile kwenye simu bila hata kukisikiliza, nikadaka gari, nikafika wodini muda wa kuona wagonjwa.

Nikamkuta mama ameketi kitandani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anang'aa.

"Umemwona mwanangu? Kwaya imeimba nyimbo mbili, yeye bado yuko magotini!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akadakia: "Huyo lazima awe askofu."

Nilitaka kunyamaza, sifichi. Mtu kesho anapasuliwa, ana furaha yake, mimi ni nani nimharibie? Lakini kilichomfanya Elia anifuate asubuhi ni kwamba mama aone, na hakuwa ameona.

"Mama, nisamehe. Alishainuka kitambo. Mashine ikikosa picha mpya inashikilia ya zamani. Kosa ni langu."

Akanigeukia. "Kwa hiyo aliyekuwa anasali ni mashine?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Na yeye akacheka, huku ameshika tumbo lake linalouma.

Nikampa earphone, nikabonyeza. Elia anainuka, jasho linamtoka, anageukia kamera, midomo inacheza. Mimi sikusikia kitu.

Mama akasogeza uso karibu na simu. Kisha akasema kwa sauti, mpaka nesi akageuka: "Marahaba, baba. Marahaba."

Halafu akaniambia, "Rudisha."

Nikarudisha. Akaitikia tena, kama ndiyo kwanza anaamkiwa. Mara nne. Sioni aibu kusema nililia.

Mtakaouliza: alitoka salama, yuko nyumbani, anawasumbua wakamwana.

Siku hizi nimeweka maandishi makubwa: PICHA IMEKATIKA, TUNAREKEBISHA. Bosi anasema yanatuaibisha. Acha yatuaibishe. Nimejifunza kwamba aibu yangu ni nafuu kuliko kumwachia mtu picha inayomdanganya siku ambayo anahitaji kuona.

Mafundi mliomo humu, nyie signal ikipotea mnaonyesha nini? Na mwenye ujuzi anishauri kile kidude cha kupokea picha nikiweke wapi, maana Jumapili ninakwenda kanisa lenye kwaya tatu.