Konsude ya Mama Odia

Nilipokuwa mtoto pale Makomeno, mwanamke mzuri kuliko wote katika avenyu yetu alikuwa mama yangu, na anayebisha aje tuonane. Lakini jirani yetu, mjane wa Kikasai aliyeitwa Mama Odia, alikuwa na konsude, mmea wa dawa ya maungo: majani mapana yenye manyoya, unayakata leo, wiki chache tu yamerudi. Kiangazi kiliyaunguza, mvua ya kwanza ikayafufua.

Baba akateguka kifundo cha mguu kule fonderi, kiwanda cha kuyeyushia shaba. Kila jioni akawa anachechemea kwa Mama Odia, ambaye aliyaponda majani yake na kumfunga mguu kwa kitambaa.

"Mikono ya ule mama iko laini," baba akasema siku moja. Hapo alikosea. Jioni hiyo alikula bukari, ugali wetu, bila mboga.

Nkambo, mama yake mama, aliona jinsi binti yake alivyoukazia macho ua wa jirani. "Weye, usiguse ile dawa na roho ya wivu. Itakufuata mpaka kwa mulango."

Jumamosi ya salongo, mtaa mzima ulipokwenda kufyeka mitaro, mama alisema tumbo linamuuma. Nikamwona anavuka ua na jembe. Aliukatakata ule mmea mpaka mizizi, vipande vidogo vidogo, akarudi kuosha jembe mbele ya mlango wetu, huku anaimba.

Shule niliiacha mapema, lakini hata mimi najua kwamba kipande cha mzizi wa konsude, kiwe kidogo kama ukucha, kinaota. Mama hakujua. Mvua ikanyesha. Kwa Mama Odia pakawa pori la konsude; na kwetu, pale tope la jembe lilipodondoka, konsude ikachipua.

Mama Odia alipoiona alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Ilunga! Si ungeniomba tu?"

"Niombe nini kwa muntu anashikaka bwana yangu muguu?"

Avenyu nzima ikasikia. Nkambo akapiga makofi: "Nilisema!" Mama akainama, akachuma majani, akayaponda palepale, akamkalisha baba kizingitini na kumfunga.

"Polepole, Mama Ilunga!" baba akalia. Hakuvuka ua tena.

Watu husema jani lile lilimwaibisha mama. Labda. Mimi sasa nimekua, navaa vizuri, wasichana wa Makomeno wote wananijua, waulize. Wanasifia viatu vyangu, wanacheka, wanaondoka. Nikikumbuka uso wa mama alipokuwa akikaza kile kitambaa, namwonea baba wivu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikasirikia namna ile.