Damu ya Ufizi na Shingo ya Jino

Mwanangu, nilichokikana mwaka mzima nikiwa msichana ni hiki: ufizi wangu ulikuwa ukitoka damu. Koko, bibi yetu, alisema damu ya ufizi ni alama ya mwongo. Basi nikawa nadanganya kila asubuhi ili nisionekane mwongo. Nimepita chuo kikuu, nimesikia hoja nyingi, lakini ya kipuuzi kuliko hiyo bado.

Nakumbuka Kisangani ile ya kabla ya uhuru. Nyumba yetu ilikuwa karibu na maporomoko, kwa kuwa papa alikuwa mpima kina cha mto. Mkinyamaza mezani, maji yanawasemea. Meno yangu mawili ya mbele yakaanza kucheza. Enzi hizo dawa ya jino linalocheza ilikuwa koleo, nami nilikuwa msichana niliyekipenda mno kicheko changu.

Tonton Anselme, mdogo wake papa, alikuwa muuguzi wa zahanati. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi.

"Shimo iko fupi," akasema, "lakini jino inacheza. Damu inatokaka?"

"Hapana, tonton."

"Bon."

Hakuridhika. Akampigia simu daktari wa meno wa hospitali kubwa, akasikiliza, akajikuna kichwa.

"Docteur anauliza nilianzia kupima wapi. Mi nilianzia ukingo wa ufizi. Kumbe ufizi yako imeshuka, imeacha mzizi wazi! Papa yako anapimaka mto kwa alama ya mwamba, hapana kwa maji. Fungua kinywa."

Akapima upya kutoka shingo ya jino, pale weupe unapoishia na mzizi unapoanza. Sasa kipimo kikawa kirefu: nyama iliyolishika jino ilikwisha kuachia.

Kisha akanikabidhi simu. Nilikuwa sijapata kushika simu maishani.

"Mutoto," sauti ya yule daktari, Mzungu, ikakoroma, "kama damu iko, ni uchafu chini ya ufizi; tunasafisha, jino inaweza kutulia. Kama haiko, tunang'oa. Iko?"

"Iko, docteur! Kila siku! Tangu mwaka jana!"

"Ee, mama!" tonton akapiga makofi. "Na mi nilikuuliza saa hii hii!"

"Alors," simu ikasema, "hatung'oi."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilibahatika kuumbuliwa na waya wa simu. Ukiona damu kwenye mswaki, iseme siku hiyo hiyo, na anayekutibu mwambie kweli kabla hajashika chuma. Mungu akujalie uzee wa kutafuna mwenyewe, wajukuu wako wasipate kazi ya kukupondea nyama.